Saratani ya puru: roboti au kisu cha kawaida? Maswali ya familia moja ya Kitangari

Mpwa wa Kitangari

Wadau, salamu kutoka Mtwara.

Ninaanzisha uzi huu baada ya wiki kadhaa za kuvutana ndani ya ukoo wetu, nikiamini kwamba zipo familia nyingine huku Kusini zinazovutana juu ya jambo hilihili. Mjomba wangu, mkulima wa korosho mwenye umri wa miaka 61, amegundulika kuwa na saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, inayoishia kwenye njia ya haja kubwa. Kabla ya hapo alitokwa na damu chooni kwa karibu mwaka mzima, na muda wote huo alitibiwa bawasiri: kwanza kwa mizizi ya kuchemsha, kisha kwa dawa za kuingiza alizonunua dukani, kisha katika zahanati moja ambako hakuna aliyemwambia alale ubavu apimwe kwa kidole. Aliyempima hatimaye alikuwa daktari kijana, na kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili. Uvimbe ulikuwa pale pale, kwenye ncha ya kidole chake.

Kinyama kilikatwa, majibu yakatoka, na hapo ndipo mvutano ulipoanza. Kwa mila yetu ya Kimakonde, jambo zito la mjomba si la watoto wake peke yao. Wapwa na dada zake nao wana neno, na safari hii kila mmoja alikuwa na lake. Binamu yetu aliyeko Dar es Salaam alituma video ya mashine ikimenya ganda la zabibu na kulishona tena, akaandika chini yake kwamba mjomba asiguswe na kisu cha mtu yeyote mpaka fedha za korosho zitakapotoka apelekwe India kwenye roboti. Shangazi zangu wakasema apasuliwe hapa nchini, tena upesi. Mimi nikapewa kazi ya kusoma na kuuliza, kwa sababu tu ndiye mwenye simu kubwa na subira.

Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba roboti haimpasui mtu yenyewe. Daktari hukaa kwenye kiti chake hatua chache kutoka kitandani, anatazama picha ya ndani ya tumbo iliyokuzwa kama mara kumi na yenye kina, na mikono yake inaendesha vyuma vyembamba vilivyopitishwa kwenye matundu ya upana wa milimita nane hivi. Kila anachokifanya kwa vidole, vyuma vinakifanya ndani. Kwa hiyo tulipokuwa tukibishana kama mashine ni salama kuliko mtu, tulikuwa tunabishana juu ya kitu ambacho hakipo, kwa sababu katika njia zote mbili anayekata ni mtu.

Swali langu kwa wenye ujuzi ni hili: je, tofauti kati ya upasuaji wa roboti na ule wa kufungua tumbo ni kubwa kiasi cha kumfanya mgonjwa asubiri msimu mzima wa korosho?

Muuguzi Mstaafu, Mikindani

Mwanangu, pole kwa mjomba. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji kwa miaka 28, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapa Kusini, na upasuaji wa puru ni miongoni mwa kazi ambazo mpaka leo nikizikumbuka mabega yanauma. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu swali lenyewe limekaa upande na linahitaji kwanza kunyooshwa.

Nyonga ya mwanaume ni nyembamba na inakwenda chini kama kinu. Puru imelala chini kabisa ya kinu hicho: nyuma yake kuna mfupa, mbele yake kuna kibofu na tezi dume, na pembeni zinapita neva zinazomwezesha mtu kukojoa vizuri na kuwa na nguvu zake za kiume. Katika upasuaji wa wazi, tumbo hufunguliwa kuanzia juu ya kitovu hadi karibu na mfupa wa kinena. Daktari huvaa taa kichwani, na mtu mmoja husimama akivuta kibofu mbele kwa chuma kirefu chenye mdomo uliopinda ili mwenzake aone chini. Mara nyingi mvutaji huyo nilikuwa mimi. Vidole vilikufa ganzi, nami nilikuwa sioni chochote, kwa sababu nafasi ya kuona ilimtosha mtu mmoja tu.

Sasa, kinachoamua kama saratani itarudi si urefu wa jeraha la tumboni. Puru imezungukwa na mafuta yenye tezi ndogondogo ambamo saratani hupenda kujificha, na mafuta hayo yamefungwa ndani ya utando mwembamba kama nazi iliyo ndani ya kifuu. Daktari Mwingereza Bill Heald, wa mji wa Basingstoke, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 1982 kwamba puru lazima itolewe pamoja na mafuta hayo yote, utando ukiwa mzima, kwa kufuata ule mpaka ambao mwili wenyewe umeuweka. Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wakitenganisha kwa nguvu za mkono, na vipande vya mafuta vilibaki nyongani. Uvimbe kurudi palepale lilikuwa jambo la kawaida mno. Heald aliyafanya hayo kwa tumbo wazi, bila roboti, kwa mkasi na subira.

Kwa hiyo njia yoyote mtakayochagua, kazi ni hiyohiyo: kutoa furushi hilo likiwa halijachanika. Kinachobadilika ni namna daktari anavyofika chini ya kinu na anavyoona akiwa huko. Hapo ndipo roboti ina faida ya kweli, na sitaki kuidharau. Vyuma vyake vina kiwiko kinachogeuka ndani kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haupindiki, picha haitikisiki, mtetemo wa vidole unachujwa. Kwa mwanaume mnene, mwenye nyonga nyembamba na uvimbe ulio chini, faida hiyo inaonekana kwa macho. Ukilinganisha na tumbo lililofunguliwa, damu inayopotea ni kidogo, jeraha linaoza mara chache, utumbo unaamka mapema na mgonjwa anarudi nyumbani siku chache kabla ya mwenzake. Hatari ya henia kwenye mshono, ambayo kwa mkulima wa kubeba magunia si jambo dogo, nayo hupungua.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake pia. Upasuaji wa roboti huchukua muda mrefu zaidi. Mgonjwa hulazwa kichwa chini na tumbo kujazwa gesi ya kabonidayoksaidi kwa saa nyingi, hali ambayo mwenye moyo au mapafu dhaifu haivumilii vizuri. Roboti nyingi zinazotumika hazimpi daktari hisia ya mguso. Anakisia kwa macho kile ambacho kidole kingemwambia mara moja, kwamba hapa uvimbe umeishia, hapa bado. Na hata kwa roboti, furushi lenyewe halipiti kwenye tundu la milimita nane: lazima pakatwe pa sentimita kadhaa ili litolewe. Wanaodhani mgonjwa wa roboti anatoka bila kovu wameangalia zabibu tu.

Kuhusu kusubiri msimu, jibu langu ni hapana, lakini sababu yake si roboti. Nieleze kwanza: je, mjomba amepigwa picha ya MRI ya nyonga? Na je, kuna aliyezungumza nanyi kuhusu mionzi kabla ya upasuaji?

Mpwa wa Kitangari

Shikamoo mama, na asante sana. Picha ya MRI ilipigwa Dar es Salaam wiki iliyopita. Uvimbe uko sentimita sita kutoka kwenye njia ya haja kubwa, umetoboa ukuta wa puru na kuingia kwenye mafuta uliyoyaeleza, na tezi mbili zinatiliwa shaka. Haujafika kwenye ini wala mapafu. Habari ya mionzi iliguswa kwa sentensi moja tu, nasi tuliielewa kuwa ni kwa wale wasioweza kupasuliwa.

Korosho Ghafi

Nimesoma kwa makini maelezo ya mama yetu, lakini ningependa tuzungumze kwa takwimu. Binamu wa mtoa mada si mtu wa kupuuzwa. Wachina walifanya utafiti mkubwa katika hospitali 11, ukaonyesha kwamba roboti inapunguza kurudi kwa saratani. Ikiwa ni hivyo, kumwambia mtu mwenye uwezo kwamba kisu cha kawaida kinatosha ni kumnyima haki yake. Isije ikawa tunasifia tulichonacho kwa sababu tu ndicho tulichonacho.

Muuguzi Mstaafu, Mikindani

Ndugu Korosho Ghafi, hoja yako ni ya haki, na utafiti unaousema upo. Unaitwa REAL. Uliwapanga kwa kura wagonjwa 1,240 wenye uvimbe wa katikati na wa chini ya puru. Katika siku 30 za kwanza, waliopata madhara ya upasuaji walikuwa asilimia 16.2 upande wa roboti na 23.1 upande wa pili. Matokeo ya miaka mitatu, yaliyotoka mwaka 2025, yalionyesha uvimbe kurudi nyongani kwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.0. Ni tofauti ya kuheshimiwa, ingawa kwa upande wa waliobaki hai haikuonekana tofauti ya kutegemewa.

Hata hivyo, uliza huo upande wa pili ni nani. Si tumbo wazi. Ni laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu unaofanywa kwa vyuma virefu vilivyonyooka vinavyoshikwa kwa mkono. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: tafiti kubwa zimeilinganisha roboti na laparoskopi, na laparoskopi ndiyo iliyolinganishwa na tumbo wazi, kisha sisi wasomaji tunaruka daraja la katikati na kudhani roboti imelipiku tumbo wazi kwa kiwango kilekile.

Tukilipita daraja hilo taratibu tunakuta mambo yasiyokwenda upande mmoja. Utafiti wa COLOR II, wenye wagonjwa 1,044 katika nchi nane, ulikuta baada ya miaka mitatu saratani imerudi nyongani kwa asilimia 5.0 ya waliopasuliwa kwa laparoskopi na asilimia 5.0 ileile ya waliofunguliwa tumbo. Mwaka 2015, matokeo hayo yalipotoka, tafiti mbili nyingine, moja ya Marekani na nyingine ya Australia na New Zealand, zilishindwa kuthibitisha kwamba furushi linalotolewa kwa laparoskopi si baya kuliko linalotolewa kwa tumbo wazi. Kwa macho ya maabara, tumbo wazi lilikuwa mbele kidogo. Na kabla ya Wachina, utafiti wa ROLARR wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 471 katika nchi kumi, uliuliza kama roboti inapunguza kulazimika kuacha matundu na kufungua tumbo katikati ya kazi. Ilikuwa asilimia 8.1 kwa roboti na 12.2 kwa laparoskopi, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema roboti ndiyo sababu, huku kila mgonjwa wa roboti akigharimu karibu pauni elfu moja zaidi bila hata kuhesabu bei ya mashine.

Kwa nini Wachina wakapata na wale wengine wakakosa? Siwezi kulimaliza swali hilo, ila jambo moja liko wazi: katika REAL waliokaa kwenye kiti walikuwa mabingwa wa hospitali kubwa waliokwisha kuzoea mashine. Roboti mikononi mwa anayejifunza si roboti ile ya kwenye takwimu.

Sasa nirudi kwenye mionzi, ambayo mpwa wetu ameambiwa kwa sentensi moja. Waholanzi walitangaza mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 1,861, wote wakipasuliwa kwa njia ya Heald. Nusu walipewa kwanza mionzi ya siku tano, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili uvimbe ulikuwa umerudi nyongani kwa asilimia 2.4 ya waliopata mionzi na asilimia 8.2 ya wasiopata. Pima mwenyewe, Ndugu Korosho Ghafi: uvimbe kama wa mjomba, uliotoka nje ya ukuta na wenye tezi za kushukiwa, unapata faida kubwa zaidi kwenye siku tano za mionzi kuliko kwenye aina ya chuma kitakachomkata. Na mionzi ipo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Huhitaji hati ya kusafiria kwenda huko.

Ndiyo maana nasema asisubiri msimu. Akianza mionzi sasa, zitapita wiki kadhaa za uvimbe kusinyaa kabla ya kupasuliwa, na katika wiki hizo mnaweza kuendelea kuvutana kuhusu India mpaka mchoke.

Mkazi wa Kilwa Masoko

Naomba niongeze jambo moja la barabarani. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, baba yangu mdogo alikuwa na tarehe ya kuanza mionzi. Magari yalilala upande huu kwa siku kadhaa, naye akaikosa tarehe hiyo akapangiwa nyingine. Kama mjomba anakwenda masika, atangulie mapema, na atafutiwe pa kulala karibu na hospitali kwa muda wote wa mionzi, kwa sababu siku za mionzi hazirukwi ovyo.

Bintie Newala

Nashukuru kwa elimu hii, lakini naona sote tumekaa ndani ya chumba cha upasuaji na hatujatoka naye mgonjwa mlangoni. Mama yangu alipasuliwa puru kwa tumbo wazi, na jeraha lilipona ndani ya majuma machache. Kilichotuelemea ni kile ambacho roboti haikiondoi: mfuko wa kinyesi. Uvimbe ukiwa chini, madaktari mara nyingi huutoa utumbo mwembamba nje ya tumbo kwa miezi michache ili ule mshono wa ndani upate kupona bila kupitiwa na choo, kwa kuwa mshono wa chini hivyo huweza kuvuja hata kwa daktari mzuri. Hilo hufanyika kwa roboti, kwa laparoskopi na kwa tumbo wazi vilevile.

Kinachotoka hapo ni majimaji makali yanayochoma ngozi. Mfuko ukivuja usiku lazima uoshe, ukaushe na ubandike mwingine, na huku kwetu uwanda wa juu maji ya ndoo yana bei yake. Tulijifunza kukata tundu la kibandiko lilingane kabisa na mdomo wa utumbo, lisiache ngozi wazi hata kwa upana wa punje ya mchele. Kabla ya kujifunza hilo mama alikuwa akilia kila tulipobandua. Mifuko tuliagiza kwa makondakta wa mabasi ya Dar es Salaam, kumi kumi. Siku mifuko ilipoisha tulifunga mfuko wa nailoni kwa kitambaa, jambo ambalo simwombei mtu.

Baada ya utumbo kurudishwa ndani, mama alikwenda chooni mara nane, tisa kwa siku, kwa miezi. Hakuna aliyetuandaa kwa hilo. Naomba mtoa mada amuulize daktari mambo haya kwa uzito uleule anaoulizia roboti, na amuulize pia mapema kuhusu neva za mkojo na za ndoa, kwa sababu mjomba hatauliza mbele ya wapwa wake.

Korosho Ghafi

Nimekubali kuhusu daraja la katikati, nilikuwa sijaliona. Bado naamini mwenye uwezo akipata bingwa aliyezoea roboti asiikatae, lakini naondoa neno langu kwamba tunasifia tulichonacho.

Mpwa wa Kitangari

Wadau, narudi baada ya kimya cha miezi mitano.

Tulikaa kikao kingine, safari hii mjomba mwenyewe akiwepo, maana tulikuwa tumemjadili sana bila yeye. Alisikiliza habari za roboti mpaka mwisho, akauliza kama mashine hiyo ikizimikiwa umeme daktari anafanya nini. Nikamjibu nilivyosoma, kwamba hospitali zina umeme wa akiba, na kwamba ikibidi vyuma huondolewa na tumbo kufunguliwa kwa mkono. Akasema, "Kumbe mwisho wake ni mkono." Sikumpinga, ingawa najua hoja hiyo haitoshi, kwa maana mkono wenyewe unatofautiana.

Hilo la mkono ndilo tulilolifuatilia. Badala ya kuuliza hospitali ipi ina mashine gani, tulimuuliza daktari wa upasuaji Dar es Salaam anafanya puru ngapi kwa mwaka, kama anafuata njia ya kutoa mafuta yote, na kama furushi litapelekwa maabara kukaguliwa ukingo na kuhesabiwa tezi. Nilitetemeka nikiuliza, nikidhani atakasirika. Hakukasirika, alichukua karatasi akatuchorea. Alisema kwa uvimbe wa sentimita sita na mwili mwembamba kama wa mjomba, angefungua tumbo bila wasiwasi, na kwamba angekuwa mtu mnene mwenye uvimbe wa sentimita tatu angetushauri tofauti.

Mjomba alipata mionzi, akapumzika, kisha akapasuliwa kwa tumbo wazi. Upasuaji ulichukua saa nne na alikaa wodini siku tisa, ambazo najua kwa roboti huenda zingepungua. Jeraha lilitoa usaha kidogo upande wa chini likapona. Majibu ya maabara yalisema utando ulikuwa mzima, ukingo ulikuwa salama, saratani ikiwa imeishia milimita nne kabla ya kuufikia, na kati ya tezi 14 zilizokaguliwa moja ilikuwa na saratani, hivyo ameandikiwa dawa za mishipani ambazo atazianza juma lijalo. Mkojo unatoka vizuri. Lile lingine, Bintie Newala, nilimwomba daktari amuulize wakiwa wawili, na sikuambiwa jibu.

Binamu alikuja wodini siku ya tatu na matunda. Zabibu zilikuwemo, na mjomba ndiye aliyecheka kwanza, akishika mshono.

Sasa yuko kwa dada yake Masasi, kwa kuwa huko bomba linatoa maji siku nyingi kuliko Kitangari. Amebakiwa na mifuko sita. Kama kuna anayejua duka lolote la dawa la Masasi au Mtwara mjini linalouza mifuko yenye kibandiko cha kukata mwenyewe, naomba aandike hapa chini.